Dhahania: Kuhakiki Picha Usiyoipenda

Wengi wetu tulikutana na neno dhahania katika somo la sarufi. Nomino dhahania hutaja visivyoshikika: upendo, uhuru, hofu. Wanasanaa wamelichukua neno hilohilo kuita kazi isiyoonyesha umbo la kitu tunachokitambua. Tusilichanganye na ikisiri, yaani muhtasari wa makala ya kitaaluma, ingawa Kiingereza huyaita yote mawili kwa jina moja.

Katika uchoraji istilahi hii imekaa vizuri, kwani mchoraji aweza kuanza na wazo tupu. Katika upigaji picha inadai ufafanuzi, maana kamera hunasa mwanga uliotoka kwenye kitu halisi. Hapo asili ya Kilatini ya neno la Kiingereza inatufaa: abstrahere, kuvuta kitu na kukitenga. Picha dhahania ya kamera hupatikana kwa kuondoa. Mwaka 1916, huko Twin Lakes, Connecticut, Mmarekani Paul Strand alipiga picha mabakuli ya kawaida. Aliyasogelea mno, hata matumizi yake yakasahaulika, yakabaki mapindo, mwanga na kivuli.

Maana hiyo humpa mhakiki swali la kuanzia anapokutana na picha isiyompendeza: kimeondolewa nini, na kuondolewa kwake kumetupatia nini? Anayesema “hata mtoto angeipiga” amemhukumu mpigaji, picha yenyewe hajaigusa.

Tuchukue Rhein II ya Mjerumani Andreas Gursky, ya mwaka 1999. Nakala yake moja iliuzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4, na wengi wakaibeza kwa sababu ya bei hiyo. Bei tuiweke kando, tutazame. Mto Rhine umegeuka ukanda wa kijivu kati ya kanda za majani mabichi, chini ya mbingu iliyotanda mawingu. Jengo lililokuwa ng’ambo na watu waliokuwa wakipita, Gursky aliwafuta kwa kompyuta. Mizani ya kanda hizo ni kali, na jicho hutulia juu yake. Hilo nalikiri.

Hata hivyo siipendi. Rhine ni njia kuu ya meli za mizigo barani Ulaya. Shughuli za watu ni sehemu ya mto wenyewe. Mabakuli ya Strand, hata yakikatwa na fremu, yangali na uzito wa mabakuli. Gursky amefuta kazi ya watu, akatuachia utulivu ambao mto huo hauna. Mwingine atajibu kwamba pengo hilo ndilo linalotufanya tuwaze tumeufanyia nini mto, na jibu lake lina nguvu. Tutabishana kwa manufaa, kwa kuwa kila mmoja anaonyesha kitu kilichomo pichani au kilichoondolewa.

Basi anayeandika kuhusu picha dhahania ataje kwanza kilichotengwa na namna kilivyotengwa, kisha atoe hukumu yake bila woga. Msomaji atakuwa na cha kuipimia.