Filamu kutoka kompyuta hadi sebuleni: Kikwazo ni kuta za Mji wa Kale

Filamu iliyohifadhiwa katika kompyuta ya nyumbani yaweza kutazamwa kwenye runinga kupitia mashine ya michezo ya video, bila kununua data. Picha hizo haziendi kwenye intaneti; hutoka katika kompyuta, hupitia ruta na kuishia sebuleni.

Njia hiyo hutegemea kanuni za DLNA, zilizoanza kutungwa mwaka 2003 ili vyombo vya makampuni mbalimbali vielewane. PlayStation 3 ilipata uwezo huo mwaka 2007, na PlayStation 4 mwaka 2015. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, haina uwezo huo. Mwenye nayo huhitaji programu kama Plex.

Katika Mji wa Kale, Mombasa, kikwazo kikubwa ni jengo lenyewe. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo huzuia joto, hudhoofisha pia mawimbi ya ruta. Kwa hivyo filamu ikikwamakwama, kampuni ya intaneti haina lawama. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo. Dawa ya uhakika ni waya kati ya ruta na mashine.

Hata hivyo, ukuta hautobolewi ovyo, kwani eneo hilo lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1990. Heri waya upitishwe mlangoni au kando ya ngazi: waya ukiharibika hununuliwa mwingine, ukuta wa mababu haununuliwi.