Udobi Nao ni Elimu

Vitabu vya historia nilivyosomeshea kwa miaka mingi vilikuwa na wafalme, vita, mikataba na meli. Pamba nayo ilikuwamo: imelimwa wapi, imelimwa na nani, imepelekwaje Manchester. Lakini pamba hiyo ikishakuwa shati, na shati likishaingia doa, historia yetu ilinyamaza. Nadhani sababu yake ni nyepesi. Wengi wa watu waandikao historia, nguo zao hufuliwa na watu wengine.

Neno lenyewe dobi ni la Kihindi, nalo linatokana na kitenzi cha kuosha. Lilifika pwani yetu pamoja na watu wa Bara Hindi, likakaa na kuwa Kiswahili kamili, hata leo mtoto hawezi kudhani kwamba ni la kigeni. Huko India madobi walikuwa tabaka. Mtoto wa dobi alizaliwa dobi. Waliojiona wa juu waliwahesabu kuwa najisi, kwa kuwa hugusa uchafu wa wengine, ikiwamo damu ya uzazi. Tazama basi mambo ya dunia: aondoaye uchafu ndiye aitwaye mchafu, na yule aliyeuleta anatembea na shati jeupe!

Katika mji wa kusini ambako nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, palikuwa na dobi mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Vifaa vyake vilikuwa pasi mbili za mkaa, meza ndefu iliyotandikwa blanketi, makarai na kamba za kuanikia. Ukimpelekea shati lenye doa la hudhurungi, hakuanza kwa kulitia sabuni. Alilinyanyua kwenye mwanga, akaligeuza upande wa ndani, akalinusa, kisha akauliza:

"Mwalimu, hii ni damu au ni kutu?"

Swali hilo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila maabara. Damu ina protini. Ukiimwagia maji ya moto huganda kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni, ikashikamana na nyuzi. Kwa hiyo hulowekwa katika maji baridi, tena mapema. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni. Hakijali sabuni, na dawa ya kupaushia yenye klorini huweza hata kukizidisha. Kinachokitoa ni asidi, na ndiyo maana dobi yule alikamulia ndimu juu yake, akanyunyiza chumvi, akaacha jua lifanye kazi. Madoa mawili yenye rangi moja, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Anayekosea kuyatambua humaliza kazi akiwa amelikaza lile alilotaka kulitoa.

Chai na kahawa ni jamaa moja kwa tanini iliyomo, na hizi sabuni ya mche huweza kuzikaza, afadhali siki. Bizari ya manjano ina vituko vyake. Ukiipaka sabuni hugeuka nyekundu, mwenye nguo akapiga kelele, kumbe ni alkali ya sabuni tu inayocheza na rangi. Ukisuuza vizuri unjano hurudi, na baada ya hapo juani ndiko unakofifia. Na dobi hodari hujaribu dawa yake kwanza kwenye pindo la ndani, asije akatoa doa pamoja na rangi ya nguo. Huanzia ukingoni akielekea katikati ili doa lisitanuke, naye hugonga-gonga kwa kitambaa, hasugui kwa hasira.

Watu wa kusini tunalijua doa moja gumu kuliko yote, nalo ni la maji ya bibo. Madobi wa India waliigeuza tabia hiyo kuwa faida. Walichukua tunda la mti ulio wa ukoo mmoja na mkorosho, wakachanganya utomvu wake na chokaa, wakatia alama kwenye nguo za kila mteja. Alama hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Watu ambao kazi yao ilikuwa kutoa madoa ndio waliojua pia kutia doa lisilotoka.

Sasa nimfikie mtu ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Jina lake ni Thomas Jennings. Alizaliwa New York mwaka 1791, mtu mweusi aliye huru katika jimbo ambalo utumwa ulikuwa bado halali. Alikuwa fundi cherehani. Wateja wake walimletea nguo za thamani zilizochafuka, na namna za kusafisha za wakati ule ziliziharibu. Akafanya majaribio mpaka akapata njia ya kuzisafisha bila kuzitosa majini. Tarehe 3 Machi 1821 serikali ya Marekani ikampa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, naye ndiye Mwamerika mweusi wa kwanza anayejulikana kupata hati ya namna hiyo. Mtumwa asingeweza kupewa. Mkewe mwenyewe alizaliwa utumwani, na utumwa haukukomeshwa New York mpaka tarehe 4 Julai 1827. Fedha alizozipata Jennings zilikwenda kuwakomboa jamaa zake na kusaidia harakati za kuupinga utumwa.

Njia yake ilikuwa ipi? Tarehe 15 Desemba 1836 ofisi ya hataza mjini Washington iliungua, na karatasi za Jennings zikateketea pamoja na maelfu ya nyingine. Limebaki jina, tarehe na kichwa cha uvumbuzi. Maelezo yenyewe hayapo.

Alikuwa na binti, Elizabeth, aliyekuwa mwalimu. Jumapili moja, tarehe 16 Julai 1854, alikuwa akienda kanisani kupiga kinanda, akatupwa nje ya gari la abiria lililovutwa na farasi kwa kuwa ni mweusi. Baba yake hakunyamaza. Akapeleka shauri mahakamani. Wakili wao alikuwa kijana Chester Arthur, ambaye mwaka 1881 alikuja kuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1855 Elizabeth alishinda, akalipwa fidia ya dola 225. Uzeeni mwake, mwaka 1895, alifungua nyumbani kwake shule ya watoto wadogo weusi.

Habari hizi nilizikuta katika kitabu kimoja cha historia ya Waamerika weusi kilichofika maktabani kwetu miaka ya tisini. Wakati huohuo nilikuwa na mwanachuo mmoja, kijana mwenye akili, ambaye kwenye fomu aliandika kazi ya mzazi kuwa "biashara". Baba yake ndiye yule dobi wa sokoni. Wenzake walinieleza kwamba anapopita sokoni nao huvuka barabara ili asiitwe kwa jina lake. Sikumkaripia. Nilimwita ofisini, nikampa kile kitabu, nikamwonyesha ukurasa, nikamwambia arudishe akishamaliza. Alikaa nacho siku tisa. Kumbe siku mojawapo alikwenda kibandani akamfasiria baba yake, maana nilipopeleka mashati yangu mzee mwenyewe aliniambia:

"Mwalimu, kijana amenisomea habari za yule fundi wa Amerika. Dawa ile ni tapentaini. Enzi zile kulikuwa na nini kingine cha kutoa mafuta bila maji?"

Ni hoja nzito kuliko nyingi nilizozisoma vitabuni. Kwa hakika, hadithi ya Ulaya kuhusu kile tunachokiita mijini drai klina nayo inaanza na tapentaini. Husimuliwa kwamba huko Paris, mtumishi wa Jean-Baptiste Jolly aliangusha taa juu ya kitambaa cha meza, na mahali mafuta ya taa yalipomwagika pakawa safi kuliko kwingine. Wengine huiweka habari hiyo mwaka 1825, wengine katikati ya karne. Vyovyote iwavyo, hati ya Jennings ilitangulia, na kwa muda mrefu vitabu vilimtaja Jolly peke yake. Na mtumishi yule je? Jina lake halisemwi.

Baada ya tapentaini ikaja benzini, ikaja petroli. Zilitoa mafuta kwenye nguo vizuri sana, zikachoma viwanda. Mwaka 1928 ikatoka Marekani dawa ya jamii ya mafuta ya taa, isiyowaka upesi, yenye jina la William Stoddard, dobi wa Atlanta. Kabonitetrakloridi haikuwaka kabisa, ila iliharibu ini la mfuaji. Ndipo miaka ya thelathini ikaenea perikloroethilini, nayo haiwaki, husafisha vyema, na ikatawala duniani kwa miongo mingi. Mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta ugonjwa huo kwa binadamu. Anayeivuta siku nzima ni yule anayesimama kando ya mashine, siyo mwenye suti, na huko Marekani wengi wao ni wahamiaji, kwa mfano Wakorea. Jimbo la California liliamua mwaka 2007 kuiondoa madukani ifikapo 2023. Desemba 2024 serikali kuu ya Marekani nayo ikatoa amri ya kuikomesha kwa madobi kidogo kidogo, kwa muda wa miaka kumi.

Kwa hiyo yapo maduka yaliyorudia maji. Mashine huzungusha nguo taratibu, joto hupimwa, na sabuni zina vimeng'enya vya kumeng'enya protini, jambo ambalo Mjerumani Otto Röhm alilichukulia hataza mwaka 1913. Damu iliyokuwa ikimshinda mfuaji wa zamani sasa ina mdudu wake. Hata hivyo nguo haitupwi mashineni moja kwa moja. Doa hushughulikiwa kwanza kwa mkono, juu ya meza, na mtu aliyekwisha kuigeuza nguo upande wa ndani na kuitazama kwenye mwanga.