Darubini, Pipa la Taka na Ubingwa wa Besiboli

Alasiri ya tarehe 3 Oktoba 1951, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, Bobby Thomson, mzaliwa wa Glasgow aliyelelewa Marekani, aliupiga mpira uliorushwa na Ralph Branca wa Brooklyn Dodgers ukavuka ukuta wa kushoto, na timu yake ya Giants, iliyokuwa nyuma kwa mabao 4 kwa 2, ikashinda 5 kwa 4 na kutwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa. Pigo hilo lilisimuliwa nusu karne kama muujiza, hata mwaka 2001 mwandishi Joshua Prager alipochapisha katika The Wall Street Journal ushahidi wa wachezaji wenyewe, kwamba katika chumba cha Giants nyuma ya uwanja kulikuwa na darubini iliyoelekezwa kwa mdakaji wa wapinzani, na waya wa kengele uliopeleka habari kwa wachezaji wa akiba, nao wakamwashiria mpigaji.

Msomaji asiyeujua mchezo huu afahamu kwamba mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji, na katika zama zinazosimuliwa hapa alimwonyesha mrushaji, kwa vidole baina ya mapaja, namna ya mpira alioutaka, wa kasi au wa kupinda. Na kwa kuwa mpira wa kasi humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia, aliyekwisha kuarifiwa ana faida asiyo nayo mwenziwe anayekisia. Kuisoma ishara kwa macho matupu, ukiwa mkimbiaji katika kituo cha pili, si haramu, na wajuzi hukuhesabu kuwa ni werevu. Kilicho haramu ni kuyasaidia macho kwa vyombo, ingawa Ligi ya Taifa haikupiga marufuku jambo hilo hadi 1961. Hila yenyewe ni kongwe kuliko katazo: Septemba 1900 Tommy Corcoran wa Cincinnati alifukua kwa njumu zake waya wa umeme uliozikwa mahali aliposimama kocha wa Philadelphia. Timu hiyo, pamoja na waya wake, ilimaliza msimu ikiwa ya tatu.

Turejee 1951. Tarehe 11 Agosti Giants walikuwa nyuma ya Brooklyn kwa mechi 13 na nusu, kisha wakashinda 37 kati ya 44 za mwisho, wakalingana nao, ikalazimu zichezwe mechi tatu za kuamua. Anayedai kwamba darubini ndiyo iliyoleta ubingwa na azitazame mechi hizo tatu. Ya kwanza ilichezwa Ebbets Field, nyumbani kwa Brooklyn, ambako Giants hawakuwa na darubini. Wakashinda 3 kwa 1, na Thomson akampiga Branca huyo huyo mpira uliovuka ukuta. Ya pili ilichezwa Polo Grounds, darubini ikiwa mahali pake. Wakafungwa 10 kwa 0. Darubini ilikuwa ikitazama nini siku ile? Thomson mwenyewe alikana kwamba alipewa ishara ya mpira ule mashuhuri, na mtu anaweza kumwamini au asimwamini. Lakini Sal Maglie na Larry Jansen, warushaji wa Giants walioshinda mechi 23 kila mmoja msimu ule, hawakuhitaji kuarifiwa watarusha nini. Kuiona turufu mkononi mwa mwenzio si kuishika.

Kesi ya Houston Astros ya 2017 ni nzito zaidi. Kamera ya katikati ya uwanja ilimwangalia mdakaji, picha ikaonekana kwenye runinga karibu na benchi la timu, na mtu akagonga pipa la taka kumwarifu mpigaji kwamba unakuja mpira wa kupinda. Kimya kilimaanisha mpira wa kasi. Mchezaji wao wa zamani Mike Fiers aliifichua siri Novemba 2019, na Januari 2020 kamishna Rob Manfred akathibitisha kwamba ugongaji uliendelea hata katika mechi za kuwania ubingwa. Katika mechi hizo Houston walishinda 8 na kufungwa 1 nyumbani, ilhali ugenini walishinda 3 na kufungwa 6. Hesabu hiyo inatisha, mpaka ukumbuke kwamba katika msimu wa kawaida timu hiyo hiyo ilishinda 53 ugenini na 48 tu nyumbani.

Fauka ya hayo, ushindi wa nyumbani haukuwa wote wa gongo. Mechi mbili za kwanza dhidi ya New York Yankees ziliisha 2 kwa 1, na ya mwisho 4 kwa 0: hizo ni kazi za warushaji, na katika mojawapo Justin Verlander aliwaondoa wapigaji 13 bila wao kuupiga mpira uwanjani. Pipa halikumfaa Verlander kwa lolote.

Kwa insafu, hata hivyo, inabaki mechi ya tano ya fainali, tarehe 29 Oktoba mjini Houston. Clayton Kershaw wa Los Angeles Dodgers, mrushaji hodari wa zama zake, alipewa uongozi wa mabao 4 kwa 0, akaupoteza, na Houston wakashinda 13 kwa 12 katika zamu ya kumi. Kweli, Dodgers nao walifunga 12 pasipo pipa. Lakini katika mechi iliyoamuliwa kwa bao moja, mpira mmoja uliojulikana mapema unatosha. Na matokeo yake ni makubwa, kwani Dodgers walishinda mechi ya sita 3 kwa 1, na lau wangalishinda ya tano, fainali ingalikwisha pale na kombe lingalikuwa lao, wala mechi ya saba, ambayo Houston waliishinda ugenini 5 kwa 1, isingalichezwa.

Kwa hiyo ubingwa wa 1951 nauhesabu kuwa ni wa Giants kwa haki ya mikono yao, pamoja na aibu ya darubini. Wa 2017 siwezi kuutetea hivyo. Houston walitozwa dola milioni 5, wakanyang'anywa baadhi ya haki za kuchagua wachezaji wapya, kocha na meneja mkuu wakafukuzwa kazi, lakini kombe hawakunyang'anywa.