Gari Lisilo na Klachi

Katika miaka ya 1950, gia otomatiki ilikuwa bado jambo geni kwa madereva wengi. Hydra-Matic, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, ilitolewa na General Motors ya Marekani mwaka 1939, ikafungwa kwenye magari ya Oldsmobile.

KUWASHA. Mkono wa gia uko chini ya usukani. Uweke kwenye N na ukanyage breki. Injini ikiwa baridi, kanyaga mafuta mara moja ili choki ijifunge, kisha washa. Iache ipate moto kabla ya kuondoka.

KUEGESHA. Hydra-Matic za mwanzo hazina P. Zima injini kwanza, ndipo uweke R: kipande cha chuma huingia katikati ya meno ya gia na kuyazuia magurudumu ya nyuma. Vuta na breki ya mkono.

TAHADHARI. Powerglide ya Chevrolet, ya mwaka 1950, ina P, lakini mpangilio wake ni P, N, D, L, R. Aliyezoea magari ya leo anaweza kurudi nyuma bila kutaka.