Turubai la Lily: kulisaka Land Rover lililomwokoa Dian Fossey

Kwetu Cyanzarwe, wilayani Rubavu nchini Rwanda, gari hutambuliwa kwa mlio kabla halijaonekana. Njia zetu ni za mawe ya volkano, meusi na makali, na dereva hana namna ila kwenda taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, lilikuwa likipita mara mojamoja Land Rover lenye turubai badala ya paa. Tuliwaacha mbuzi tukakimbilia kando ya njia. Mengi nimeyasahau, lakini hili halijanitoka: dereva alikaa upande wetu, upande wa mtaro. Magari mengine yote tuliyoyajua yalikuwa na usukani kushoto, kwa kuwa Rwanda na Kongo watu huendesha upande wa kulia. Lile peke yake lilikuwa na usukani kulia.

Sidai kwamba lilikuwa Lily, gari la Dian Fossey, Mmarekani aliyewachunguza gorila wa milima ya Virunga. Ila tangu niliposoma kitabu chake, nimekuwa nikilitafuta.

Lily lilinunuliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 1966. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ndiye aliyelichagua baada ya kulijaribu katikati ya magari ya mjini kwa namna iliyowatia hofu waliokuwa pamoja naye. Lilikuwa tayari gari kuukuu. Fossey akalipa jina la kike, akalijaza vyakula, hema na sufuria, akashika njia ya Kongo, safari ya kilomita zaidi ya 1,000. Mpiga filamu Alan Root alimfuata nyuma na gari lake, kwa sababu hakuamini kwamba mgeni yule angefika salama peke yake. Januari 1967 Fossey alikuwa ameshapiga kambi Kabara, chini ya kilele cha Mikeno, mahali ambapo George Schaller alikuwa amewachunguza gorila miaka michache kabla. Kufika huko ni kwa miguu. Gari lilibaki chini Kibumba, ng'ambo tu ya mpaka, si mbali na mashamba yetu ya viazi.

Miezi sita baadaye Kongo ikachafuka. Julai 1967 askari walipanda mlimani wakamteremsha Fossey na kumzuia kambini Rumangabo. Hapo ndipo gari kuukuu lilipogeuka kuwa ufunguo. Lily lilikuwa na karatasi za Kenya, na kulisajili Kongo kulitaka fedha. Fossey akawaambia waliomshikilia kwamba fedha zake ziko Kisoro, Uganda. Wakimsindikiza, watapata fedha na gari pia. Wakakubali. Walipofika kwenye hoteli ya Walter Baumgärtel, Travellers Rest, Fossey aliruka akakimbilia ndani kujificha, na Baumgärtel akawaita askari wa Uganda. Waliomsindikiza ndio waliokamatwa. Baadaye Fossey aliandika wazi kwamba Lily liliyaokoa maisha yake. Mimi kila nikilisoma tukio hilo huwa nashangaa: mwanamke yule hakuwashinda wale askari kwa silaha, aliwashinda kwa kadi ya gari ya Kenya.

Akarudi Virunga kupitia upande wetu. Aliyempokea ni Rosamond Carr, Mmarekani mwenzake aliyekuwa akilima pareto na maua Mugongo, hapa hapa Rubavu. Tarehe 24 Septemba 1967 Fossey alifungua Karisoke, jina alilolitunga kutokana na milima miwili, Karisimbi na Visoke, na kituo hicho kilikuwa makazi yake mpaka alipouawa humo Desemba 1985. Si kila familia huku inamkumbuka kwa wema. Aliwafukuza wafugaji na ng'ombe wao kutoka hifadhini, na majangili aliwatendea kwa ukali ambao watoto wao wanausimulia hadi leo. Ninapouliza habari za gari lake, mara nyingi ninapewa kwanza habari hizo, na ninazisikiliza mpaka mwisho. Ni haki yao.

Kwa nini gari la namna hiyo ligeuke adimu, wakati Land Rover zilijaa kila mahali? Jibu limo katika vyuma vyenyewe. Land Rover lilizinduliwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa na upungufu wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Bodi hiyo haioti kutu, lakini chasisi ya chini ni chuma cha kawaida, nayo huliwa na unyevu, na huku kwetu unyevu haukosekani. Gari likishasimama, kila fundi huchukua kinachomfaa. Springi zinakwenda kwa mhunzi zinafuliwa mapanga. Aluminiamu inayeyushwa inakuwa sufuria. Kisha ukaja mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katikati ya Julai mamia ya maelfu ya watu waliokimbia walipita Gisenyi kuingia Goma, Kongo, kwa siku chache tu, kwa miguu na kwa kila kilichoweza kutembea. Magari yaliyovuka hayakurudi yote, na karatasi zilizobaki maofisini hazikupona zote.

Hata hivyo Land Rover lina tabia ya kutokea pale lisipotarajiwa. Mwaka 1955 vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London na magari mawili mpaka Singapore. Lililoitwa Oxford, lenye namba SNX 891, liliishia kisiwa cha St Helena katikati ya Bahari ya Atlantiki, likachakaa huko miaka mingi. Lilitafutwa, likarudishwa Uingereza, likatengenezwa, na mwaka 2019 likaendeshwa kutoka Singapore hadi London. Jingine, mojawapo ya yale yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, lilikutwa kwenye bustani ya mtu, maili chache tu kutoka kiwanda cha Solihull lilikotengenezwa.

Magari hayo hayathibitishwi kwa sura. Rangi hubadilishwa, bodi hubadilishwa, na Land Rover moja huweza kuvaa milango ya jingine. Kinachotafutwa ni namba ya chasisi. Kwa miaka mingi tarakimu zake za mwanzo zilieleza aina ya gari na upande wa usukani. Ukiwa nayo, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, hukuandikia cheti: gari lilimalizika kiwandani siku gani, na lilisafirishwa kwenda wapi. Njia ya pili ni picha. Bob Campbell, mpiga picha aliyefanya kazi na Fossey kuanzia 1968, aliacha hazina yake katika Chuo Kikuu cha Florida, na kibati cha namba kikionekana kwenye picha moja tu, kitampa mtafutaji pa kuanzia.

Mimi naanzia chini, matopeni. Mwezi uliopita nilielekezwa kwenye boma moja upande wa Mudende, ambako chasisi ya Land Rover imewekwa juu ya mawe na kugeuzwa kichanja cha kukaushia maharage. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliyatoa maharage yake mwenyewe, akaniletea mafuta ya taa na kitambaa. Nilisugua karibu na springi ya mbele, upande wa kulia, karibu saa nzima. Namba zikajitokeza mojamoja, nikazinakili kwenye daftari, nikatazama tarakimu za mwanzo.

Usukani kushoto.

Tulirudisha maharage pamoja. Wakati nanawa mikono, mama yule akanieleza kwamba shemeji yake wa Busasamana ana jingine nyuma ya zizi, la zamani zaidi, na kwamba watoto wa kule hupenda kulipanda na kujifanya madereva. Nikamuuliza huwa wanakaa upande gani. Akafikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia.