Koltani na kasiteriti: sayansi inasema nini juu ya mawe ya Masisi na Walikale

Kila mara tunapozungumza juu ya madini kwenye redio, maswali yanarudi yale yale. Koltani inatengeneza bomu? Ina mionzi? Ile mashini ya mnunuzi, yenye umbo la bastola, inajuaje asilimia, na nani anaweza kuhakikisha kama anasema ukweli? Na zile habari kwamba huko Ulaya wanaweza kuangalia jiwe na kusema limetoka kwenye mlima gani, ni kweli ao ni maneno tu? Tumekusanya majibu fasi moja. Si somo la chuo, lakini inasaidia mtu anayeingia mu shimo kesho asubuhi, na pia mama anayesafisha mchanga pembeni ya mto.

Tuanze na majina. Koltani, jiwe jeusi la Rubaya, wilayani Masisi, lina ndani yake metali mbili zinazofanana kama mapacha: tantali na niobi. Tantali ndiyo inatafutwa zaidi. Mtu wa kwanza kuitambua ni mwanakemia wa Uswidi, Anders Gustaf Ekeberg, mwaka 1802, na kwa zaidi ya miaka mia moja haikuwa na kazi kubwa. Kasiteriti ni jiwe la bati, ndilo lililofanya jina la Bisie, wilayani Walikale, lijulikane duniani. Tangu karibu mwaka 2002 watu walilibeba kwa mgongo kupitia msitu, kisha ndege ndogo zikalichukua kwenye barabara ya Kilambo, ambako lami iligeuzwa uwanja wa ndege. Leo Bisie ina mgodi wa kiwanda wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kuuza mwaka 2019.

Mawe haya mawili yanakutana ndani ya telefone unayoshika. Bati inayeyuka kwenye digrii 232 tu, ndiyo maana inatumiwa kuunganisha vipande vya umeme; fundi wa telefone pale sokoni anaiyeyusha mbele ya macho yako. Tantali ni kinyume kabisa: haiyeyuki mpaka ipite digrii 3000. Kazi yake ni kwenye kipande kidogo kinachoitwa kondensateri. Fikiria bidoni ya maji nyumbani: bomba likikatika kidogo, bidoni inaziba pengo. Kondensateri inafanya hivyo kwa umeme, inauweka na kuutoa haraka sana ili telefone ao ordinateri isishituke. Unga wa tantali ukishikanishwa kwa moto unabaki na matundu mengi kama sifongo, na juu ya kila tundu kunawekwa ngozi nyembamba ya oksidi. Kwa hiyo uso mkubwa sana unaingia kwenye kitu kidogo kama punje ya mchele. Hapo ndipo bei ya Rubaya inatoka. Mwisho wa mwaka 2000 bei ilipanda mara nyingi, 2001 ikaanguka, na wengi huku wanakumbuka waliojenga na waliobaki na deni.

Sasa bomu. Bomu la Hiroshima la mwaka 1945 lilitumia urani, na sehemu kubwa yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Hiyo ni historia ya kweli ya Kongo. Lakini koltani si urani. Ndani yake muna urani na thori kidogo tu, zilizoingia wakati jiwe lilipokuwa likiganda chini ya ardhi. Haitoshi kutengeneza bomu. Inatosha kwa mambo mengine mawili, tutayaona.

Mkrezeri hakusoma fizikia lakini anaifanya kila siku. Anaposafisha mchanga kwenye maji, anatenganisha kwa uzito: lita moja ya mawe meupe, yale ya kwartzi, ina kilo 2 na nusu na zaidi kidogo, kasiteriti inakaribia kilo 7, koltani iko kati ya 5 na 8. Maji yanabeba chepesi, zito linabaki. Koltani yenye tantali nyingi ni nzito kuliko ile yenye niobi nyingi, ndiyo maana wazee wa kazi wanaipima kwenye kiganja kabla ya kusema bei. Na wanaotumia sumaku wanajua kwamba sumaku yenye nguvu inavuta koltani na kuacha kasiteriti. Mpaka hapo elimu iko mikononi mwa wanainchi wenyewe.

Kiganja lakini hakisemi asilimia. Koltani inalipwa kufuatana na tantali iliyo ndani, na hapo ndipo bastola ya mnunuzi inaingia. Inatupa mionzi ya aina ya X, kama ile ya kupiga picha ya mfupa hospitalini. Mionzi ikigonga jiwe, kila metali inajibu kwa mwanga wake, ambao hauonekani kwa macho na haufanani na wa metali ingine. Tantali inajibu kama tantali, bati kama bati. Mashini inahesabu majibu na kuandika asilimia. Si uchawi, na mashini yenyewe haina sababu ya kudanganya mtu.

Shida iko kwenye mkono unaoishika. Mashini inasoma ngozi ya juu tu, tena fasi ndogo kama franga moja ya chuma. Ukiielekeza kwenye punje mbaya ya mfuko, mfuko wote unaonekana mbaya. Maji pia yanashusha asilimia. Vipimo vya haki vinataka sampuli ichukuliwe fasi mbalimbali za mfuko, ikaushwe, isagwe, ichanganywe, kisha ipimwe zaidi ya mara moja. Hesabu iko rahisi: kwa kilo 10, kati ya asilimia 25 na asilimia 30 muna nusu kilo ya oksidi ya tantali, yaani mtu amepoteza sehemu ya sita ya malipo yake bila kuona kitu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo makrezeri wanaumizwa zaidi kuliko kwenye mizani, juu mizani kila mtu anaweza kuisoma. Kuomba kuona kioo cha mashini, na kuomba sampuli ichanganywe mbele yako, si matusi. Na usikubali mtu aielekeze kwenye mkono wako kwa mchezo.

Tuje kwenye asili ya jiwe. Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyowalazimisha wanunuzi wakubwa kueleza madini yao yanatoka wapi, mifuko ilianza kufungwa etiketi ya plastiki yenye namba, katika mpango unaojulikana kama ITSCI. Namba inaandikwa kwenye daftari na kwenye ordinateri. Wazo ni zuri. Lakini wataalamu wa usalama wa ordinateri wangekwambia mara moja udhaifu wake: etiketi ni kama namba ya siri ya telefone yako ya kutumia feza. Atakayeipata ndiye mwenyewe. Ordinateri haijui nani amebonyeza, na namba haijui jiwe gani limewekwa ndani ya mfuko. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimerudia jambo hilo mara nyingi. Ile ya mwisho wa mwaka 2024, baada ya M23 kushika Rubaya mwezi wa 4 mwaka huo, ilieleza koltani ikivushwa mpaka Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Rwanda inakana.

Kwa hiyo watu wa sayansi walitafuta namba ya siri ambayo haiwezi kuuzwa, yaani jiwe lenyewe. Taasisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani, BGR, huko Hannover, ilitengeneza njia wanayoiita alama ya kidole ya madini. Wanachukua punje nyingi za mfuko, wanaziangalia kwa mikroskopu ya elektroni ili kujua ni madini gani yameandamana na koltani. Kisha wanachoma kila punje kwa mwali wa laza, moshi unaingia kwenye mashini inayohesabu metali ndogo ndogo zilizomo. Mlima mmoja unaacha mchanganyiko wake, kama vile sombe ya kila mama ina chumvi yake.

Hapo ndipo ile urani kidogo inapata kazi ya kwanza. Urani inabadilika polepole kuwa risasi, kwa mwendo unaojulikana, haikimbizwi wala haicheleweshwi na kitu. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri wa jiwe. Koltani ya ukanda wetu ina karibu miaka bilioni 1. Ile ya Msumbiji ina karibu nusu ya umri huo. Mtu akileta mfuko na kusema ni wa Msumbiji, saa iliyo ndani ya jiwe inamkatalia.

Njia hiyo ina mipaka yake, na ni vizuri tuiseme. Mawe ya Kivu na ya Rwanda ni ndugu wa ukanda mmoja, umri wao unakaribiana, kwa hiyo saa peke yake haiwatenganishi. Inahitajika sampuli ya kulinganisha kutoka kila mlima. Mifuko ya milima mitano ikichanganywa vizuri, alama inapotea. Na kazi yenyewe ni ya gharama, kwa hiyo inatumiwa kama kipimo cha kushtukiza, si kwa kila mfuko. Ingekuwa na faida zaidi mashini ya namna hiyo ikiwa Goma ama Bukavu, pamoja na vijana wetu wa kuitumia. Haipendezi kuona ubishi juu ya mlima wa Masisi ukiamuliwa Hannover.

Kazi ya pili ya ile urani na thori ni kwenye mwili wa mtu. Kwenye sheria za kimataifa za usafirishaji, koltani ikipita kiwango fulani cha mionzi inahesabiwa kwenye daraja la 7, daraja la vitu vya mionzi, na kampuni nyingi za meli haziipendi. Sasa mzigo unaoogopwa na meli, huku unalala chini ya kitanda. Tusitishane: kushika jiwe kwa mkono hakuui. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya makrezeri wa koltani wa mashariki mwa Kongo ulionyesha kwamba hatari kubwa iko wakati wa kusaga na kuchekecha, juu ya vumbi inayovutwa. Kikiwa nje ya ngozi, kile kipande kina nguvu kidogo. Kikikaa ndani ya pafu, kinafanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo mifuko isiwekwe kwenye chumba cha kulala, isagwe nje mbali na watoto, na kinu cha sombe kisitumiwe hata siku moja kwa koltani.

Tena vumbi ina adui mwengine mkubwa kuliko mionzi: ile kwartzi nyeupe. Punje zake ndogo kabisa, zisizoonekana, zinapita pua na koo mpaka mwisho wa pafu. Mwili unajaribu kuzila, unashindwa, unaacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuondoa, na unaendelea hata mtu akiacha mgodi. Kitambaa cha kufunga mdomo kinazuia vumbi kubwa, si hizo ndogo. Kinachosaidia kweli ni maji: kulowanisha jiwe kabla ya kulivunja, na kukaa upande upepo unakotoka.

Pafu lenye makovu ya silikozi linashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na dalili zinafanana, ndiyo maana wengine wanasema "ni vumbi tu" na kukaa na kikohozi mwaka mzima. Kikohozi kikipita wiki 2, nenda kwenye kituo cha afya, mwambie munganga kwamba unafanya kazi ya shimo, na uombe makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu ni za bure katika inchi yetu. Zinamezwa miezi 6 kwa kawaida, na haziachwi hata kama kikohozi kimekatika mwezi wa kwanza.