Sarafu aliyoitaka mtoza kodi

Mashabiki wa Bitcoin na wa Ethereum wanavyorushiana maneno, utadhani ugomvi wa sarafu ulizaliwa na intaneti. Milima ya Usambara, kuanzia Lushoto hadi Mgwashi, iliuona mapema zaidi, na haukuamuliwa kwa hoja.

Karne ya 19, kwenye njia za biashara kati ya Pangani na himaya ya Wakilindi, watawala wa Washambaa, nguo na shanga zilifanya kazi ya fedha. Pwani kulikuwa na reale ya Maria Theresa na rupia ya Kihindi. Mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani ikaleta rupia yake, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma na tai juu yake. Thamani yake ililinganishwa na ya Kihindi, kwa sababu Wahindi ndio walioshika soko. Kuwapuuza kungekuwa ujinga.

Mwaka 1897 ikaja kodi ya nyumba. Mwanzoni mazao yalipokelewa, lakini kadiri miaka ilivyopita boma la Wajerumani likataka fedha taslimu. Usambara Magharibi ikaongezewa jambo jingine mwaka 1907: kadi ya kazi, iliyomtaka mwanamume amfanyie mlowezi kazi siku 30 ndani ya miezi minne. Kwa mkulima wa Kishambaa, basi, rupia ilipenya kupitia shamba la mkoloni. Hakuna aliyemwuliza anaiamini au haiamini.

Hesabu nazo zikabadilishwa kwa amri. Rupia iliyokuwa na pesa 64 ikagawanywa kuwa heller 100 mwaka 1904. Heller moja ni kijisarafu cha shaba chenye taji la kifalme na mwaka upande mmoja, thamani upande wa pili. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipokata meli kutoka Ujerumani, serikali ikachapa noti za dharura na kufua sarafu Tabora, nyingine kwa shaba, na rupia 15 kwa dhahabu, zenye tembo mbele ya milima. Waingereza walipoitwaa nchi, utawala huo wa fedha ukaisha. Shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1921.

Sasa tazama ya leo. Mwaka 2016 mwizi alichota ether, sarafu ya Ethereum, zipatazo milioni 3.6 kutoka mfuko uitwao The DAO. Wengi wakakubali kulirekebisha daftari la Ethereum ili fedha zirudi. Waliosema kilichoandikwa hakifutwi wakabaki na Ethereum Classic. Agosti 1, 2017 Bitcoin nayo ikapasuka kwa sababu ya ukubwa wa kurasa za daftari lake, ikazaliwa Bitcoin Cash. Kiini ni kilekile: nani ana haki ya kubadilisha kanuni? Tofauti ni kwamba hawa waliweza kugawanyika, kila kundi likaenda zake. Mlipa kodi wa Usambara hakuwa na nafasi hiyo.

Serikali yetu ya Tanzania imekwenda kwa tahadhari. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu hizo za kidijitali hazitambuliki kisheria. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kodi hiyo haibagui Bitcoin na Ethereum.